Kwa nini kumpima rubani akili hakutoshi

Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya Shirika la Ndege la Msumbiji, LAM, aina ya Embraer 190, iliondoka Maputo kwenda Luanda ikiwa na watu 33. Haikufika. Mabaki yake yalikutwa katika Hifadhi ya Taifa ya Bwabwata, kaskazini mashariki mwa Namibia, na hakuna aliyesalimika. Wachunguzi wa Namibia waliposikiliza kinasa sauti walielewa kilichotokea: rubani msaidizi alitoka kwenda msalani, kapteni akabaki peke yake, mlango ukafungwa, na ndege ikashushwa kwa makusudi huku mtu akigonga mlango kutoka nje.

Hapa Dar es Salaam ni wachache wanaoikumbuka ajali hiyo, ingawa Msumbiji ni jirani wa ukuta. Tunachokumbuka wengi ni ile ya Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani, iliyokuja miezi 16 baadaye, tarehe 24 Machi 2015, ndege ya Airbus A320 kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf ilipoangushwa katika milima ya Alps upande wa Ufaransa na kuua watu 150. Wazungu wakashtuka, dunia ikashtuka. Kwa namna ajali hizo mbili zilivyofanana, mtu angedhani ya pili iliiga ya kwanza.

Tangu hapo swali halijaisha. Utalisikia kwenye foleni ya ukaguzi Jengo la Tatu la abiria pale Julius Nyerere, utalisikia kijiweni kila zinapotoka habari za ndege: kwa nini hawa marubani hawapimwi akili? Ni swali la haki kabisa, maana anayepanda ndege amekabidhi roho yake. Lakini lina dhana mbili ndani yake. Ya kwanza ni kwamba hawapimwi. Ya pili ni kwamba wakipimwa, mwenye matatizo ataonekana. Ya kwanza si kweli. Ya pili ndiyo inayohitaji makala nzima.

Wanapimwa. Kila rubani wa ndege za biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na bila cheti hicho leseni yake ni karatasi tu. Kanuni za Tanzania, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, yenye makao yake pale Banana, Ukonga, zimejengwa juu ya viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, na zimeoanishwa na za nchi nyingine za Afrika Mashariki. Chini ya viwango hivyo vya ICAO, cheti hicho huhuishwa kila baada ya miezi 12. Kwa anayerusha abiria peke yake bila rubani wa pili, akishavuka miaka 40 ni kila baada ya miezi sita. Na kwa wanaoruka wawili, miezi sita huanza baada ya miaka 60. Huwezi kwenda kwa daktari yeyote wa mtaani. Unakwenda kwa daktari aliyeteuliwa na mamlaka kwa kazi hiyo.

Sasa ingia naye chumbani. Macho hupimwa kwa ubao na kwa mashine. Masikio hivyo hivyo. Moyo unawekewa nyaya na kuchorwa. Mkojo unakwenda maabara. Vyote hivyo haviulizi rubani anajisikiaje. Vinaonesha vilivyo, apende asipende. Ikifika zamu ya akili, hakuna nyaya. Kuna fomu yenye maswali, umewahi kuugua hiki, umewahi kutumia dawa ile, umewahi kuzimia, umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili, na kuna daktari anayekutazama na kuzungumza nawe. Sehemu kubwa ya kinachojulikana baada ya hapo ni kile ambacho mwenyewe ameamua kusema. Na anayejibu anajua kabisa kwamba jibu moja la ndiyo linaweza kumtoa kazini siku hiyo hiyo.

Wapo wanaosema basi tuwape mtihani halisi wa kisaikolojia, wa maswali mia kadhaa, kila mwaka. Tufanye hesabu. Chukua marubani 10,000, na tuseme kati yao mmoja tu ndiye mwenye nia ya kuangusha ndege. Tuseme pia tumepata kipimo cha ajabu, ambacho mwenye nia kinamkamata bila kukosa, na kwa wasio nayo kinakosea mara moja tu katika watu mia. Wapime wote. Yule mmoja utampata. Pamoja naye utapata watu wapatao 100 ambao hawana kosa lolote, na wote watakuwa wamekaa kwenye benchi moja wakiwa na majibu yanayofanana. Utawafanya nini hao mia? Ukiwafuta kazi wote, umeharibu maisha ya watu mia ili kumpata mmoja, na mwaka unaofuata marubani waliobaki watakuwa wamejifunza namna ya kujibu. Ukiwarudisha wote, umemrudisha na yule.

Na hicho ni kipimo cha kufikirika. Vipimo vilivyopo havikaribii huko, kwa sababu kinachotafutwa ni nadra mno na hakikai mahali pamoja. Mtu aliye salama Januari anaweza kufiwa Machi, ndoa ikavunjika Juni, na Agosti akawa mtu mwingine. Kipimo cha Januari kilikuwa sahihi, ila muda wake umepita. Hii ndiyo sababu mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, baada ya kuunda kamati ya wataalamu kufuatia Germanwings, ilitangaza mwaka 2016 kwamba haitalazimisha upimaji wa kisaikolojia wa mara kwa mara kwa marubani. Ulaya walikwenda njia tofauti kidogo: kanuni yao ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika rasmi Februari 2021, inataka rubani afanyiwe tathmini ya kisaikolojia kabla ya kuanza kuruka na kampuni. Ni mara moja, mlangoni, kuona kama mtu na kazi vinafaana. Hata Ulaya hawajidanganyi kwamba tathmini hiyo itatabiri atakavyokuwa baada ya miaka kumi.

Turudi Germanwings, maana ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Safari hii aliyeiangusha ndege alikuwa rubani msaidizi, naye hakuwa mtu aliyepita bila kuonwa. Aliwahi kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, akiwa bado mafunzoni, mwaka 2008, akasimamisha masomo, akatibiwa, akarudi, na cheti chake cha afya kikawekewa alama maalumu kwamba hali ile ikijirudia, cheti hakitakuwa halali tena. Mwishoni mwa 2014 dalili zikaanza kurudi. Aliwaendea madaktari kadhaa. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa, BEA, iliyotoka Machi 2016, inaeleza kwamba wiki mbili kabla ya ajali daktari mmoja alishuku ugonjwa mkubwa wa akili na kushauri alazwe katika hospitali ya magonjwa ya akili. Alipewa karatasi za mapumziko ya ugonjwa. Hakuzipeleka kazini.

Kwa hiyo kipimo kilikuwepo na majibu yalipatikana, hata kitanda kilishapendekezwa. Kilichokosekana ni njia ya taarifa hiyo kutoka chumba cha daktari hadi kwa mtu mwenye mamlaka ya kusema leo huruki. Madaktari walifungwa na sheria za Ujerumani za kutunza siri za mgonjwa, ambazo ni kali, na kila mmoja aliona kipande chake tu. Rubani mwenyewe alikuwa na kila sababu ya kunyamaza: alikuwa amekopa fedha kulipia sehemu yake ya gharama za mafunzo, na wachunguzi waliliandika wazi suala la bima ya kupoteza leseni, kwamba hakuwa na kinga ya kutosha ya kipato endapo angezuiwa kuruka.

Jambo la kwanza dunia ilifanya baada ya hapo lilikuwa jepesi kuelezeka kwenye televisheni: watu wawili chumbani muda wote. Rubani akienda msalani, mhudumu aingie akae. Mlango wenyewe ulikuwa umeimarishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ili gaidi asiingie, na ukimfungia gaidi nje unaweza kumfungia hata kapteni. Ulaya ilipendekeza utaratibu huo siku chache baada ya ajali, kisha mwaka 2016 ikaulegeza na kuziachia kampuni zipime zenyewe. Mhudumu hawezi kurusha ndege, si lazima aelewe anachokiona kwenye mitambo, na mlango unafunguliwa mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Kwetu hapa utaratibu huo una kichekesho chake. Nenda Jengo la Kwanza asubuhi utazame safari za Unguja, Mafia na mbugani. Utaona Cessna Caravan zimepangana, ndege yenye injini moja ambayo kwa kibali chake inaweza kurushwa na rubani mmoja. Zikijaa, abiria mmoja huweza kupewa kiti cha mbele pembeni ya rubani, na hapo ndipo watu hupigia picha za kupakia mtandaoni. Hakuna mlango, hakuna mhudumu. Usalama wa safari ile dhidi ya jambo tunalolizungumzia umekaa ndani ya kifua cha mtu mmoja, na katika uhusiano wake na watu anaofanya nao kazi.

Mpaka hapa nimezungumzia wale wachache mno walioangusha ndege kwa makusudi katika historia nzima ya usafiri wa anga. Ni kosa kukaa nao sana. Hata ile Boeing 777 ya Malaysia iliyopotea Machi 2014, MH370, ambayo kijiweni hukumu imeshatolewa zamani, ripoti rasmi ya Malaysia ya mwaka 2018 haikuweza kusema chanzo chake. Marubani wanaoteseka rohoni, ambao ni wengi kuliko hao, hawataki kumuua mtu. Wanataka kulala usingizi.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya dodoso lililojazwa mtandaoni bila majina. Katika marubani 1,848 waliojibu maswali ya sonona, asilimia 12.6 walifikia kiwango kinachoashiria ugonjwa huo, na asilimia 4.1 walisema wamepata mawazo ya kujiua ndani ya wiki mbili zilizotangulia. Takwimu hizi zichukuliwe kwa tahadhari: aliyejaza ni aliyetaka kujaza, na huenda mwenye maumivu ndiye aliyevutiwa zaidi na dodoso. Lakini hata ukizipunguza kwa nusu, zinabaki kuwa kubwa kuliko kile ambacho mamlaka yoyote ingekipata kwenye fomu zake za afya.

Dodoso lenyewe linaitwa PHQ-9, na pengine umeshaulizwa maswali yake hospitalini, kwa kuwa limetafsiriwa na hutumika kwa Kiswahili. Ni maswali tisa. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umejisikia huzuni au kukata tamaa, umepata shida ya usingizi, umechoka, umekosa hamu ya kula au umekula kupita kiasi, umejiona umeshindwa maisha, umeshindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, umekuwa mzito au huna utulivu, umewaza kwamba ni heri kufa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 daktari hukaa vizuri kitini na kuendelea kuuliza. Ni chombo kizuri sana kwa mtu aliyekuja kutafuta msaada. Mpe mtu anayelinda mkate wake, naye atakupa sifuri tisa kwa dakika moja.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2022, uliwauliza marubani zaidi ya 3,700 kama wamewahi kukwepa huduma ya afya kwa kuogopa kupoteza cheti. Asilimia 56 walikiri kufanya hivyo kwa namna moja au nyingine: kuficha dalili, kutosema ukweli kwenye fomu, kwenda kwa daktari kwa siri, au kutokwenda kabisa. Zaidi ya nusu! Mfumo uliojengwa ili kuwajua wagonjwa umewafundisha wagonjwa kujificha.

Tarehe 22 Oktoba 2023 jambo hili lilionekana waziwazi. Rubani wa Alaska Airlines aliyekuwa mapumzikoni, amekaa kiti cha ziada katika chumba cha marubani kwenye ndege iliyotoka Everett kwenda San Francisco, alishika mikono ya kuzimia moto ya injini, ambayo ikivutwa hukata mafuta. Wenzake walimdhibiti, ndege ikatua Portland, na hakuna aliyeumia. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa na majonzi ya muda mrefu ya kufiwa na rafiki, na siku mbili kabla alikuwa ametumia uyoga wenye kulevya. Kwa maelezo yake, aliogopa kwamba akitafuta matibabu angepoteza kazi. Yaani dawa halali ingemtoa angani kwa miezi, basi akaangukia kwenye kisicho halali ambacho hakuna fomu ingekiuliza wiki ile.

Usidhani mambo hayo ni ya Marekani tu. Duka la dawa la hapa mtaani kwetu litakuuzia vingi bila cheti. Rubani ambaye hajalala siku tatu na hataki jina lake liandikwe kwenye faili lolote anaweza kununua kidonge cha usingizi, au hata piritoni ya mafua kwa kuwa inaleta usingizi, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri yuko kazini na mabaki ya dawa kichwani. Piritoni ya kawaida kabisa, ambayo mama yeyote anaweza kukupa, hairuhusiwi kwa anayekwenda kurusha ndege. Hatari ya aina hii ni ya kila siku kuliko ile ya mtu kufunga mlango, ila haitengenezi habari.

Nchi hii imeshapita njia inayofanana na hii mara moja, na ndiyo maana nashangaa tunavyoagiza majibu kutoka nje. Miaka ya tisini kupima UKIMWI kulikuwa sawa na kujisomea hukumu. Dawa hakuna, kazi unapoteza, ndugu wanakukimbia, nani aende? Watu hawakuanza kujitokeza kwa sababu kipimo kiliboreshwa. Walijitokeza vilipokuja vituo kama Angaza, ambako siri ilitunzwa na mnasihi alikaa nawe kabla na baada, kisha zilipopatikana dawa za kurefusha maisha bila malipo, na Julai 2007 Rais Kikwete alipopima hadharani hapa Dar es Salaam pamoja na mkewe. Majibu yalipoacha kuwa mwisho wa maisha, watu walianza kuyataka.

Kwa rubani, nini kingefanya majibu yasiwe mwisho? Kwanza ni kanuni yenyewe kumruhusu kurudi. Hapo mambo yamebadilika kuliko wengi wanavyodhani, hata marubani wenyewe. ICAO inasema kwamba rubani mwenye sonona anayetumia dawa ahesabiwe hafai, isipokuwa pale daktari wa mamlaka, akiwa na maelezo yote ya mgonjwa huyo, ataona kwamba hali yake haielekei kuathiri usalama. Neno "isipokuwa" hapo limebeba mzigo mzito. Australia ililitumia mapema, ikawaruhusu marubani kuruka huku wakitumia dawa chini ya uangalizi, na uchambuzi wa kumbukumbu zao za miaka zaidi ya kumi, uliochapishwa mwaka 2007, haukukuta tofauti ya maana ya ajali kati yao na wenzao wasiotumia. Marekani ikafuata Aprili 2010 kwa dawa nne za kundi moja: fluoxetine, sertraline, citalopram na escitalopram. Mwanzoni rubani alitakiwa kutulia mwaka mzima kwenye dawa kabla ya kurudi. Baadaye muda ukapunguzwa, na dawa nyingine zikaongezwa.

Muda huo wa kusubiri una maana yake kitabibu. Wiki za kwanza za dawa hizi zinaweza kuleta kichefuchefu, kuvuruga usingizi na kuongeza wasiwasi, na hakuna anayetaka mtu wa namna hiyo usukani. Ubishi ni juu ya urefu. Kila mwezi unaoongeza unamshawishi rubani mmoja zaidi kwamba ni bora anyamaze.

Pili ni mtu wa kuzungumza naye ambaye si daktari wa cheti wala si bosi. Kanuni ile ya Ulaya ya 2018 inalazimisha kila kampuni ya ndege kuwa na mpango wa msaada ambapo rubani anamfuata rubani mwenzake aliyefundishwa kusikiliza. Sisi tuna jina tayari, tumelizoea kutoka kampeni za afya: mwelimishaji rika, ingawa huyu kazi yake ni kusikiliza zaidi kuliko kuelimisha. Marekani wana mpango mkongwe zaidi, HIMS, uliozaliwa miaka ya sabini kwa ajili ya marubani walevi. Rubani anatolewa kazini, anatibiwa, anafuatiliwa na wenzake kwa miaka, na anarudi kuruka. Maelfu wamepita humo. Kabla yake, mlevi alilindwa na wenzake kwa kufichwa, mpaka siku ya siku. Ujerumani nako, taasisi ya Stiftung Mayday imekuwa ikiwasaidia watumishi wa ndege waliopatwa na mikasa tangu mwaka 1994.

Mazungumzo hayo huanza na vitu vidogo. Kapteni anaona rubani msaidizi wake, kijana mcheshi, safari tatu mfululizo hali chakula na anasahau orodha za ukaguzi. Katika mfumo wa zamani ana njia mbili: aripoti, na huenda akamharibia, au apotezee. Mpango wa rika unampa njia ya tatu, ya kumwambia yule kijana, au kumwambia mwelimishaji rika amtafute. Mara nyingi linaloibuka wala si ugonjwa. Ni deni, ni ndoa, ni mtoto mgonjwa, ni rosta inayomlaza mtu hotelini siku nne za juma. Yanashughulikiwa yakiwa bado madogo, wala daktari wa cheti hahitajiki.

Siri ina mpaka, na mpaka huo lazima utangazwe kabla mtu hajafungua mdomo. Akisema anawaza kujidhuru au kudhuru, au akionekana hawezi kuruka salama na anang'ang'ania kuruka, msikilizaji hana ruhusa ya kukaa nalo. BEA nayo ilitaka nchi ziweke kanuni zilizo wazi kuhusu ni lini daktari avunje siri kwa ajili ya usalama wa umma, ili asibaki akibahatisha usiku wa manane.

Kwa Dar es Salaam ugumu uko kwingine. Marubani hapa ni wachache na wanajuana kwa majina, waliosoma pamoja Afrika Kusini au Ethiopia, wanaoishi mitaa ile ile ya Kinyerezi na Tabata ili wawe karibu na uwanja. Ukimwambia mmoja leo, keshokutwa imefika kwenye kantini. Ndiyo maana ingekuwa busara mpango kama huu uvuke kampuni moja, au hata uvuke mpaka, rubani wa Dar asikilizwe na wa Nairobi au Entebbe, hasa kwa vile kanuni zetu zimeshaoanishwa.

Halafu kuna sheria na kuna mtaa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo tu, na kuwaza si kosa, lakini si kila anayeulizwa anajua mpaka ulipo. Mtaani, mtu akisikika amekwenda kumwona daktari wa akili, jibu linakuja na jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na kicheko. Ndugu watakushauri uende kwa sheikhe au mchungaji kwanza, na si ushauri mbaya, wengi hutua mzigo pale. Tatizo ni pale safari inapoishia hapo wakati Muhimbili ina idara kamili ya magonjwa ya akili.

Ajali nayo huacha majeruhi wasiohesabiwa. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikaua watu 19 wakiwamo marubani wote wawili, chanzo hakikuhusiana kabisa na mada hii. Lakini mfikirie aliyekuwa kwenye rosta kesho yake, kampuni yoyote ile, ziwa lile lile. Nchi zenye mipango ya rika hutuma watu kuzungumza na marubani wa namna hiyo bila kungoja waombe.

Na kumtoa mtu kazini bila kumshika mkono si usalama pia. Oktoba 1999, rubani wa Air Botswana aliyekuwa amezuiwa kuruka kwa sababu za kiafya aliichukua ndege ya shirika hilo akiwa peke yake, akazunguka nayo juu ya Gaborone kwa muda mrefu akizungumza na waongoza ndege, kisha akaiangusha juu ya ndege nyingine za shirika zilizoegeshwa uwanjani. Alikufa yeye tu. Cheti kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Baada ya cheti hapakuwa na kitu.

Kinachobaki ni fedha, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye fundo. Mafunzo ya urubani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kijana anayeanza kuruka huwa na mkopo, au ukoo mzima uliouza kiwanja kwa ajili yake, na wadogo zake wako shuleni kwa mshahara wake. Kumwambia mtu huyo "sema ukweli, tutakusimamisha miezi sita" ni kumwomba awafukuze watoto shule. Bima ya kupoteza leseni ipo, ila sera lazima isomwe mstari kwa mstari, maana magonjwa ya akili ni miongoni mwa yale ambayo kampuni za bima hupenda kuyatenga au kuyapunguzia malipo. Chama cha wafanyakazi kikikaa mezani na mwajiri, vipengele vya kudai ni hivi: mshahara, japo nusu, kwa muda wote wa kungoja kurudishiwa cheti, kazi ya ardhini kwa anayeweza, kwenye mafunzo au upangaji wa safari, na sera ya bima inayoitaja sonona kwa jina lake upande wa yanayolipwa.